Jibu la mtaalamu: Je, tabia ndogo za kila siku zinaweza kumpandisha karani wa hesabu?

Swali:

"Nina umri wa miaka 29, na huu ni mwaka wa sita nikiwa karani wa hesabu katika kampuni inayoagiza na kuuza vipuri vya magari hapa Kariakoo. Nina shahada ya uhasibu, lakini mpaka leo kazi yangu ni kuandaa hati za malipo, kukusanya risiti, kupeleka hundi benki na kumsaidia mhasibu mkuu siku za kuwasilisha ritani za kodi zinapokaribia. Wenzangu wawili niliosoma nao tayari wana CPA, yaani cheti cha mhasibu kamili. Mwaka jana nilisikiliza mafundisho kuhusu tabia ndogondogo, nikajipangia kuamka saa tisa na nusu usiku, kusoma kurasa 20, kufanya mazoezi ya viungo, kuandika malengo na kujifunza Excel kila siku kwa siku 21. Nilifika siku ya 12, ikaja wiki ya ritani, nikaacha vyote. Nimejaribu tena mara mbili na matokeo yakawa yaleyale. Ninaishi Chanika, ninatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, na nina mtoto wa miaka mitatu. Je, tabia hizi kweli humpandisha mtu kazini, au nimwambie mume wangu tukope fedha nikasome shahada ya uzamili? Au tatizo ni kwamba mimi ni mvivu tu?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na neno lako la mwisho ili lisituzuie kuyaona mengine. Mtu anayetoka Chanika saa kumi na moja alfajiri, akashughulikia fedha za watu kwa miaka sita, kisha akarudi nyumbani kulea mtoto, si mvivu. Ulichokosa ni mpango unaofanana na maisha unayoishi. Mpango uliojiwekea ungemfaa kijana asiye na familia, anayeishi hatua chache kutoka ofisini na ambaye mwezi wake hauna tarehe ya ritani.

Barua yako ina maswali mawili yaliyoshikana, nami nitayatenganisha. La kwanza ni kwa nini tabia zako hufa kila ukizianzisha. La pili ni kama tabia iliyodumu inaweza kumpandisha mtu cheo. Majibu yake hayafanani, na wanaofundisha mambo haya mara nyingi hujibu la kwanza wakidhani wamemaliza na la pili.

Zile siku 21 hazikutokana na utafiti wa tabia. Chanzo chake ni daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku zipatazo 21 kuzizoea sura zao mpya baada ya upasuaji. Neno "angalau" likapotea njiani, wagonjwa wakasahaulika, ikabaki ahadi ya wiki tatu. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walipolipima jambo hili kwa watu 96 waliojitolea, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, waligundua kwamba miongoni mwa wale ambao mwenendo wao uliweza kupimwa vizuri, muda wa kati wa tabia kukaa mwilini ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo ulipoacha siku ya 12 ulikuwa ungali mwanzoni kabisa, na hakuna mtu ambaye angetarajiwa kuona mambo yamekuwa mepesi wakati huo.

Katika utafiti huo kuna mambo mengine mawili yanayokuhusu. Kila mshiriki alichagua jambo moja tu, tena dogo, akalifunga kwenye tukio ambalo tayari lilikuwapo katika siku yake, kwa mfano kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Wewe ulianza na mambo matano kwa pamoja. La pili ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha kutajika. Nikiisoma barua yako, naona kwamba mara zote tatu hukushindwa siku ile uliyoruka. Ulishindwa siku iliyofuata, ulipoamua kwamba hesabu imevunjika na hakuna tena cha kuendeleza.

Niongeze tahadhari ambayo huachwa mara nyingi. Tabia zilizopimwa zilikuwa za kula, kunywa na mazoezi mepesi, na hizo zinaweza kufikia mahali mtu akazifanya bila kufikiri. Kusoma kiwango cha kimataifa cha kuripoti mapato hakutafika huko, kwa kuwa kazi yenyewe ni kufikiri. Kinachoweza kuwa tabia ni kile kitendo cha kuanza: kuketi, kufungua daftari, kuandika mstari wa kwanza. Baada ya hapo ni jasho, na jasho halina tabia. Anayekuahidi kwamba ipo siku kusoma kutakuwa kama kupiga mswaki anakudanganya, hata kama nia yake ni njema.

Pia huenda umesikia kwamba ukiboreka kwa asilimia 1 kila siku, baada ya mwaka utakuwa bora mara 37. Wewe ni mtu wa hesabu, nawe unajua kuwa hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi: 1.01 ikizidishwa kwa yenyewe mara 365 inatoa 37 na ushei. Ila hiyo ni kanuni ya riba inayolimbikizwa, na ujuzi wa binadamu hauna riba ya kila siku. Mtu hujifunza upesi mwanzoni, kisha anakwama miezi, halafu jambo moja linafunguka na mengine matatu yanafuata. Ngazi za kazini nazo zinapanda kwa kuruka: miaka minne hakuna kinachobadilika, kisha nafasi inatokea ndani ya wiki mbili na anayeipata ni yule aliyekuwa tayari. Kwa maoni yangu, mafundisho yanayoonyesha maendeleo kama mstari unaopanda taratibu bila kusita yamewakatisha tamaa watu wengi, kwa sababu wakifika mahali tambarare wanadhani wamekosea njia.

Sasa tuje kwenye mwezi wako. Mhasibu wa Tanzania hana mwezi wa siku 30 zinazofanana. Kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ufundi stadi zinatakiwa kulipwa ifikapo tarehe 7, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ifikapo tarehe 20. Kila moja ya tarehe hizo ina siku kadhaa kabla yake ambazo jioni si yako. Ukifunga tabia kwenye saa ya ukutani, hasa saa ambayo umeiiba kutoka kwenye usingizi, ritani ya kwanza itaifuta. Inatakiwa uifunge kwenye jambo linalotokea hata tarehe 20 yenyewe. Profesa Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia ambaye amechunguza mipango ya namna hii tangu miaka ya 1990, ameonyesha kwamba watu hutekeleza zaidi wanapoandika nia yao kwa muundo wa "likitokea hili, nitafanya lile" kuliko wanapoandika lengo peke yake. Wewe una "likitokea hili" iliyo tayari: kila siku, uwe na ritani au usiwe nayo, daftari la fedha linafungwa kabla ya kuzima kompyuta.

Kwa hiyo ningekushauri uanze na tabia moja tu, nayo ni hii: ukimaliza kufunga daftari la fedha, linganisha miamala ya benki ya siku hiyo na daftari lako, kisha andika mstari mmoja kwenye daftari lako binafsi. Mstari huo una mambo matatu: tofauti uliyoikuta, sababu yake, na ilivyorekebishwa. Kama hakuna tofauti, andika kuwa hakuna. Siku nyingi itakuchukua dakika 15 au pungufu, na hizo si dakika mpya, kwa sababu ulinganisho huo ungefanyika mwisho wa mwezi kwa siku mbili tatu za kuumwa kichwa.

Tuchukue mfano. Tuseme salio la benki linasoma shilingi 14,860,000 na daftari lako linasoma 15,220,000. Tofauti ni 360,000. Karani anayefanya kazi kwa mazoea ataanza kupekua hati zote tangu juu. Anayeandika mstari wake kila siku atakumbuka kuangalia kwanza kama tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki, kwa sababu tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika hivyo daima. Hapa 360,000 kwa 9 ni 40,000. Si ushahidi kamili, ila ni dokezo la kutafuta tarakimu zilizopinduliwa. Na kweli, hundi ya mteja ya 8,370,000 iliingizwa kama 8,730,000. Siku nyingine tofauti haitagawanyika kwa 9, na utakuta ni makato ya benki ambayo hayakuandikiwa hati, au fedha za wateja waliolipa kwa lipa namba ambazo zimeingia benki kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimekatwa ada, huku wewe ukiwa umeandika mauzo mmojammoja bila makato.

Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na mistari kama 60 au zaidi, nawe utaanza kuona kitu ambacho mhasibu mkuu huenda hakioni kwa kuwa hakai karibu na hati kama wewe: kwamba tofauti nyingi zinatoka dirisha moja la mauzo, au zinajazana Jumatatu kwa sababu ya miamala ya mwisho wa wiki. Hapo ndipo kazi ya karani inapoanza kugeuka kuwa kazi ya mhasibu. Karani anaandika kilichotokea, mhasibu anaeleza kwa nini kilitokea na nini kifanyike kisijirudie. Hakuna kozi itakayokupa hayo kuhusu kampuni yenu, na hakuna anayeweza kusema umeyasoma tu.

Tabia ya pili usiianze kabla ya ile ya kwanza kupita ritani tatu ikiwa hai. Hii ni ya masomo. Kurasa 20 kwa siku achana nazo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi wakayarudia kuyasoma, wengine wakafunga karatasi na kujaribu kuyakumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye waliojipima ndio walikumbuka mengi zaidi, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo haiingii naye kwenye chumba cha mtihani.

Ndiyo maana safari yako kati ya Chanika na Kariakoo, ambayo unaiona kama hasara, inaweza kukufaa hata ukiwa umesimama na kubanwa mlangoni. Sikwambii usome kitabu kwenye daladala. Aliyewahi kujaribu anajua. Chukua swali moja kutoka mitihani iliyopita ya CPA, lisome kabla ya kutoka nyumbani, kisha lijibu kichwani njiani: ni hatua gani zinafuatana, ni ingizo gani linakwenda debiti na lipi krediti, ni wapi mtu angeteleza. Ukifika kazini au ukirudi nyumbani, angalia jibu kwa dakika chache. Swali ulilokosea lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Siku ambayo mtoto amekesha na homa, huna swali, na hilo halivunji kitu.

Hata hivyo, hakuna mtu anayefaulu CPA kwa dakika za daladala peke yake. Vipindi vikubwa vya mitihani ni Mei na Novemba, na katika wiki nane za mwisho utahitaji saa ndefu za kukaa mezani na kufanya maswali mazima kwa kalamu, ukijipima muda. Ile tabia ndogo ina faida ya kukufikisha kwenye wiki hizo nane ukiwa na msingi unaokumbukwa, badala ya kuanza upya kila kipindi kama wengi wanavyofanya. Hapo ndipo mazungumzo na mume wako yanapohitajika kweli. Kabla ya kumwomba mkopo, mwombe Jumamosi asubuhi za miezi miwili: yeye abaki na mtoto, wewe uende maktaba au kwa rafiki mwenye nyumba tulivu. Lipangwe mapema, kwa tarehe, maana "nitakusaidia ukianza kusoma" ni ahadi isiyo na siku.

Kuhusu shahada ya uzamili, sikushauri ukope kwa sasa. Ni shahada nzuri kwa anayetaka kufundisha, kufanya utafiti au kuhamia fani nyingine, na baadaye inaweza kukufaa hata ukiwa na CPA. Lakini mlango uliofungwa mbele yako una ufunguo unaojulikana. Taaluma ya uhasibu Tanzania inasimamiwa kwa sheria ya mwaka 1972 iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na anayetambulika kama mhasibu kamili ni aliyefaulu mitihani yake na kusajiliwa. Matangazo mengi ya kazi za uhasibu wa ngazi ya juu huitaja CPA kwa jina. Shahada ya pili haichukui nafasi hiyo, na mkopo utakuongezea deni kwenye nyumba yenye mtoto mdogo huku cheo kikiwa palepale.

Kwa swali la kupanda cheo, ujuzi usioonekana haupandishi mtu. Sisemi ujipendekeze. Kila mwisho wa mwezi, toa kwenye daftari lako ukurasa mmoja wenye tofauti kubwa tatu za mwezi, sababu zake na pendekezo moja, umpe mhasibu mkuu. Baada ya miezi miwili au mitatu ya kurasa hizo, mwombe jambo mahususi: "Naomba mwezi ujao niandae mimi rasimu ya ritani ya VAT, wewe uikague kabla haijatumwa." Ombi la namna hii ni rahisi kukubaliwa kuliko "naomba nipandishwe", kwa kuwa linampunguzia kazi na halimnyang'anyi mamlaka. Na ukishaandaa ritani sita zilizokaguliwa, umeshapata uzoefu wa kuutaja kwenye usaili wowote.

Wale wenzako wawili wenye CPA usiwakimbie. Naelewa uchungu wa kukutana na mtu mliyeketi dawati moja naye akiwa mbele, lakini mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha tangu mwaka 1973 kwamba watu wengi hupata habari za kazi kupitia wanaofahamiana nao kwa mbali, wasioonana mara kwa mara, kwa sababu watu wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Ujumbe mmoja kwa mwezi wenye swali la kweli kuhusu mtihani au kazi unatosha. Usiandike tu ukiwa na shida.

Kuna yasiyotibika kwa tabia yoyote, nawe uyatambue mapema. Kama mwaka utapita umetoa kurasa zako, umeomba majukumu, na kila mara unajibiwa kwamba kazi hizo ni za ndugu wa mwenye kampuni, hapo hakuna cha kuboresha ndani yako. Anza kutuma maombi kwingine ukiwa bado na mshahara. Kama mshahara unacheleweshwa au unahisi michango yako haipelekwi, nenda mwenyewe ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaombe taarifa ya michango, usitegemee maneno ya ofisini. Mgogoro wa kikazi usiotatulika mahali pa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni mfupi: siku 30 kwa masuala ya kuachishwa kazi na siku 60 kwa mengine, hivyo usikae nao miezi ukitafakari. Na kuhusu kuamka saa tisa na nusu, acha kabisa. Kwa ratiba yako hiyo ni kukata usingizi ambao tayari ni mchache, na makosa ya tarakimu huongezeka kichwa kikichoka. Ikiwa unakosa usingizi hata unapopata nafasi ya kulala, au huzuni na kukata tamaa vimeendelea kwa zaidi ya wiki mbili, hilo ni la kumwona daktari ana kwa ana, si la kupanga ratiba nyingine.

Jambo la kufanya mwezi huu, kabla hata ya daftari, ni kwenda ofisi ya Bodi ukiwa na cheti na nakala ya matokeo ya shahada yako, uulize uingie ngazi gani, masomo gani utasamehewa, unaruhusiwa kufanya masomo mangapi kwa kipindi na ada ya kila somo ni kiasi gani, kisha uandike tarehe ya mwisho ya kujisajili kwa kipindi kijacho. Usitumie majibu ya wenzako waliofanya miaka iliyopita, kwa kuwa mitaala hubadilika na shahada hazifanani. Ukishajua idadi kamili ya masomo yaliyobaki, yagawanye kwa vipindi, masomo machache kila kipindi, na hapo utaweza kumwonyesha mume wako hesabu mbili kwenye karatasi moja: gharama ya njia hii na gharama ya ule mkopo.